Ukatili kwa mtoto usingoje kikao cha ukoo

Mhariri,

Kinachotuumiza sisi tunaoshughulikia watoto hapa Moshi ni muda unaopotea. Mtoto akisema amefanyiwa ukatili wa kingono, familia nyingi huitisha kwanza kikao cha ukoo. Kikao kinangoja Jumapili, mjomba apande kutoka Dar es Salaam. Huku nyuma, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na zikiwahi zaidi ndiyo heri. Humezwa siku 28 bila kukatisha. Binti aliyevunja ungo hupewa pia vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, navyo zikipita siku 5 havimsaidii.

Kwa hiyo nendeni siku hiyo hiyo Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, mkachukue PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, kisha hospitali. Mtoto akiwa na hali mbaya, tangulieni hospitali. Msimwogeshe wala msifue nguo zake, ingawa tunajua mama yeyote angetamani kufanya hivyo kwanza. Nguo zitieni kwenye bahasha ya kaki. Mfuko wa nailoni hushika unyevu, nguo zikaota ukungu, ushahidi ukaharibika.

Maswali yawe machache. “Kisha ikawaje?” latosha. Ukiuliza “Ni baba mdogo, eti?” umemtilia jina mdomoni, na wakili wa utetezi atalishikilia hilo mahakamani. Mwambie unamwamini na kwamba hana kosa. Usimwahidi kuwa itabaki siri yenu.

Wengi hawasemi kabisa, hasa wavulana. Utafiti wa taifa wa mwaka 2009 ulionyesha karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Basi tuwaangalie. Mtoto anayecheza huchubuka magoti, miundi na paji la uso. Michubuko ya masikio, shingo, mgongo au makalio itutie shaka, na kichanga ambaye hata kutambaa bado hapaswi kuwa na mchubuko usioelezeka. Maji ya moto yakimwagika kwa bahati mbaya huacha michirizi. Mguu uliotumbukizwa huungua kwa mstari ulionyooka, kama ukingo wa soksi. Wengine hurudia kukojoa kitandani, au hulia wakitumwa nyumba fulani. Dalili moja haimtii mtu hatiani, ila inatosha kupiga 116, simu ya msaada kwa mtoto, bila malipo.

Kuhusu isale la Wachagga, tunaliheshimu. Ni jani la kuombana msamaha watu wazima waliokoseana, wala halifuti kosa la jinai. Mbuzi wa upatanisho akishaliwa, mtoto huambiwa amsalimie mtuhumiwa kila Krismasi ukoo ukikutana kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, na hapo uponyaji wake hukwama.

Anayeondoka nyumbani awe mtuhumiwa. Mtoto akihamishiwa kwa bibi, huelewa kwamba yeye ndiye ameadhibiwa. Arudi shule, acheze, alale na taa akitaka, asilazimishwe kukumbatiwa na mtu. Ndoto mbaya, hasira na kushtuka-shtuka ni kawaida wiki za kwanza. Zikizidi mwezi, mpelekeni kwa mtaalamu wa afya ya akili. Ofisa ustawi wa jamii atawaelekeza. Mtoto akitamka habari za kufa, msingoje hata siku moja.

Wahudumu wa ustawi wa watoto,
Moshi