Sanduku la marehemu babu yako

Mkomani, Lamu

Kwa sahibu yangu Athmani,

Assalaam alaykum. Picha za sanduku zimefika. Unauliza kama uzipange karatasi kwa aina: barua huku, hati za mashamba kule. La, ndugu yangu, usizitenganishe. Hati ya mauzo iliyofungwa kamba moja na barua mbili na risiti inakwambia kwamba mwenyewe aliziona ni jambo moja. Ukiitoa kwenye bunda lake, ushahidi huo haurudi tena, hata ukiisoma mara mia.

Basi lipige picha sanduku tabaka kwa tabaka kabla hujagusa kitu. Kila bunda lipe namba kutoka juu kwenda chini, na kila karatasi namba ndani ya bunda lake: 1/1, 1/2, 1/3. Andika kwa penseli laini, 2B, pembeni. Kalamu ya wino usiisogeze karibu.

Kile kitabu cha herufi za Kiarabu kilichofumuka kisikutishe. Tazama chini ya ukurasa wa kulia, pembe ya kushoto: mara nyingi mwandishi ameweka huko neno linaloanza ukurasa unaofuata. Fuata maneno hayo, utajua karatasi ipi imekosekana na ipi imepotea njia.

Kwenye daftari andika namba, ni kitu gani, cha nani, tarehe, karatasi ngapi, na hali yake. Tarehe ya Hijria iandike kama ilivyo, kisha Miladia kando. Mwaka 1300 ulianza Novemba 1882, kwa hiyo pasipo mwezi andika 1882–1883; kuchagua mmoja ni kubahatisha.

Pini zenye kutu zitoe polepole, ukitia kipande cha plastiki ngumu kati ya pini na karatasi. Selotepu hapana: gundi yake hugeuka rangi ya chai na kuingia ndani ya karatasi. Na atakayekushauri kutia lamineti, mpe kahawa umuage aende zake.

Vile vitundu ni vya wadudu. Usipulize dawa. Funga bunda ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, weka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukilitoa, liache siku nzima mifuko ikiwa imefungwa, umande ubaki nje. Lakini karatasi ikiwa mbichi, ikaushe kwanza kivulini. Jua hufifisha wino.

Ukungu huota unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 au hivi, na pwani yetu wakati wa masika hupita bila shida. Nunua kipima unyevu. Kabati liwe mbali na ukuta wa nje, chini pawe na nafasi ya shubiri moja ili mchwa waonekane wakipanda. Kazi ya kufungua mabunda ifanye wakati wa kaskazi.

Picha za kuhifadhi ziwe TIFF, yaani faili lisilopunguza ubora wa picha, dpi (nukta kwa inchi) 300 au 400, nakala tatu, moja nje ya mji wenu wa Malindi. Hati za Msikiti wa Riyadha hapa kwetu zilipigwa picha kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza, na za asili hazikuondoka.

Nitumie picha ya bunda la juu kabla hujafungua kamba. Ile rangi ya kahawia kwenye mistari nashuku ni wino wenye chuma, nao hula karatasi; ikiwa ndio, usiikunje hata kidogo.

Wako,
Omari