Joto la Zohali lisilotoka juani

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie pamoja na wote hapo nyumbani. Barua yako niliisoma mara mbili, hasa pale ulipouliza mtu anawezaje kuiga kwa kompyuta angahewa ya sayari ambayo hata ardhi ya kukanyaga haina.

Programu niliyoiandika huigawa angahewa ya juu ya Zohali katika matabaka, ikahesabu joto linaloingia kwa mionzi ya jua na lile linaloteremka hadi kwenye gesi zinazoweza kulitoa nje. Kwa kuwa mwanga wa jua huko ni hafifu mara 90 hivi kuliko huku kwetu, hesabu yangu iligota chini ya Kelvini 200, yaani kama nyuzi 73 za Selsiasi chini ya sifuri. Chombo cha angani cha Cassini, kilichokuwa kikiizunguka Zohali, kwa upande wake, kilitazama nyota zikizama nyuma ya ukingo wa sayari, na jinsi nuru ya kila nyota ilivyofifia kidogo kidogo ndivyo msongamano wa gesi na joto lake vilivyojulikana: Kelvini 400 hadi 600 hivi.

Usiku ule nilishawishika kuongeza chanzo cha joto cha kubuni ili mstari wa hesabu yangu na ule wa vipimo vya Cassini ikutane kwenye skrini. Ingekutana, lakini nisingekuwa nimeeleza lolote, basi nikakifuta.

Joto halisi linalokosekana katika hesabu yangu lipo karibu na ncha za sayari, ambako mikondo ya umeme inayoambatana na aurora, zile nuru zinazong'aa angani huko nchani, huipasha gesi. Kazi ni kulifikisha ikweta. Zohali hujizungusha kwa muda wa saa kumi na nusu tu, na kasi hiyo huupinda upepo unaotoka kwenye ncha hata ukabaki kuizunguka sayari kule kule karibu na ncha. Ndiyo maana modeli nyingi za kompyuta ziliiacha ikweta katika baridi. Lakini vipimo vya miezi ya mwisho ya Cassini, kabla hakijatumbukizwa Zohali tarehe 15 Septemba 2017, vilionyesha joto likishuka taratibu kutoka maeneo ya aurora hadi ikweta. Maelezo yanayoniridhisha ni kwamba mawimbi yanayopanda kutoka angahewa ya chini huukwaza upepo ule, ukapungua kasi, na joto likapata njia. Mwaka 2021 ramani za joto za sayari ya Mshtarii, zilizopatikana kwa darubini ya Keck huko Hawaii, zilionyesha mteremko kama huo.

Sasa ninaingiza ukinzani wa mawimbi hayo katika programu yangu. Mchoro wa kwanza ukikamilika nitakutumia, hata kama ikweta yangu itakuwa bado baridi.

Wako akupendaye daima.