Tusilinganishe mishahara bila kutazama makato

Mhariri,

Mjadala wa mishahara ukizuka, watu hutazama kiasi kinachoingia benki tu. Mtumishi wa umma hukatwa mchango wa pensheni kabla hajaishika hela, na fungu analoongeza mwajiri nalo ni ujira wake. Wa kampuni binafsi pengine anapokea zaidi leo, lakini mara nyingi uzeeni hutegemea akiba inayopanda na kushuka na soko. Pensheni ya mwenzake wa umma, katika mifuko mingi, hukokotolewa kwa miaka ya utumishi na mshahara. Ni nafuu kubwa, mradi mwajiri awasilishe michango kwenye mfuko. Asipowasilisha (na wapo), mstaafu ndiye anayezungushwa ofisi hadi ofisi. Wanaotaka watumishi waongezewe makato watueleze kwanza malimbikizo ya michango isiyowasilishwa yatalipwa lini.

Msomaji wenu