Macho ya Bibi Yako

Mwanza, Jumapili usiku

Mwanangu mpendwa,

Salamu. Sisi huku hatujambo. Bibi yako anakohoa kidogo usiku, lakini anakula. Hofu ni kwako uliye Dar es Salaam na sanduku limeshafungwa nusu. Tiketi uliyonitumia nimeiona. Zimebaki siku 12. Nimezihesabu mara mbili kwenye kalenda ya ukutani, nikaona nisipoandika leo nitakuja kukuambia haya uwanja wa ndege, tukiwa tunahangaika na mizigo, na wewe hutasikia hata nusu.

Insha yako juu ya riwaya za Wamarekani nimeisoma yote, kurasa 14, kuanzia alasiri mpaka taa ilipowashwa. Kiingereza chako kimenizidi mimi niliyekifundisha miaka 31, na nimefurahi kuzidiwa na wewe. Nimemsomea bibi yako ukurasa wa kwanza hivyo hivyo kwa Kiingereza, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama ni wewe kweli uliyeandika.

Lakini nimesoma pia ulichomwandikia mjomba wako kwenye kundi la familia, wiki ile ile. Nimeshindwa kuvitenganisha. Kwenye insha unasema katika riwaya za Wamarekani giza ni uovu na nuru ni wema, na kila mhusika ana upande wake. Kwenye kundi unasema mjomba wako ni shetani aliyevaa shati. Lile la shamba la Magu unalijua, nami nalijua, sitalirudia hapa. Ninaloliona ni kwamba mkono ulioandika insha na ulioandika kwenye simu ni mmoja.

Mama, usimgeuze mtu kuwa alama. Ndilo lililoniweka macho usiku huu.

Unakwenda Massachusetts, Marekani. Salem iko jimbo hilo hilo. Mwaka 1692 walinyongwa pale watu 19 kwa tuhuma za uchawi, na mzee mmoja, Giles Corey, akalundikiwa mawe kifuani mpaka akafa kwa kuwa alikataa kujibu mashtaka. Waliotuhumiwa walizidi 150. Walivuliwa nguo, miili ikakaguliwa: chunjua, baka, kinyama kilichoota mahali. Kikionekana, basi, hiyo ni alama ya shetani. Huku kwetu hawatafuti chunjua. Huku wanatazama macho. Unajua ni vikongwe wangapi wa kanda hii wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na mpiga ramli amesema mekundu ni ya mchawi. Bibi yako macho yake ni mekundu kwa moshi. Kuni zilipokuwa adimu alipikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka, ameinama juu ya mafiga, anapuliza, machozi yanamtoka, anajifuta kwa pindo la khanga na kupuliza tena. Huo ndio uchawi wake wote. Kila mmoja wetu alikula ugali wa moshi ule.

Sasa twende kwa Nathaniel Hawthorne, yule mwandishi wa Marekani, maana umemwandikia kurasa tano na hapo ndipo ninapotaka kubishana nawe. Alizaliwa Salem mwaka 1804. Jaji mmojawapo wa kesi zile, John Hathorne, alikuwa babu wa babu yake. Mjukuu akaongeza herufi moja kwenye jina la ukoo, na kwenye utangulizi wa riwaya yake The Scarlet Letter akaandika kwamba anaibeba aibu ya wazee wake na kuomba laana yao iondolewe. Mtu wa namna hiyo akiandika juu ya wema na uovu, usimsome kana kwamba anagawa jezi za timu mbili.

Chukua ile hadithi fupi ya mwaka 1835, Young Goodman Brown. Kijana anamwacha mkewe Faith, yaani Imani, mlangoni, tepe za rangi ya waridi zikipepea kwenye kofia yake, anaingia msituni usiku kukutana na mzee mwenye fimbo kama nyoka. Huko anawaona wacha Mungu wote wa mji kwenye mkutano wa wachawi. Utepe wa waridi unashuka kutoka angani, unanasa tawini, naye analia kwamba Faith wake amepotea. Umeandika utepe ule ni taashira ya imani iliyopotea, na umeandika vizuri. Kisha ukaacha. Hukusoma asubuhi yake? Brown anarudi kijijini, mkewe anamkimbilia kwa furaha barabarani, na tepe bado ziko kichwani! Zile zile. Naye anamtazama kwa ukali, anampita bila salamu. Aliona kweli au aliota, Hawthorne hakusema. Alichotuonyesha ni mwanamume aliyeishi miaka yote iliyobaki akimkwepa mkewe kitandani usiku wa manane, akishindwa kusikiliza zaburi kanisani, akafa bila hata mstari mmoja wa matumaini kwenye jiwe la kaburi lake. Msituni hakujeruhiwa popote. Alitoka na namna ya kutazama watu, na hiyo ndiyo iliyommaliza.

Na ile herufi A ya Hester, yule mwanamke wa The Scarlet Letter aliyelazimishwa kuivaa kifuani kwa kosa la uzinzi, umeifanya kuwa dhambi tangu mwanzo mpaka mwisho. Watu wa mji wenyewe hawakubaki hapo. Walipomwona akiuguza wagonjwa na kulisha maskini, wengine wakaanza kusema A ni ya Able, yaani mwenye uwezo. Na usiku ule kimondo kilipopita angani kikawaka kama A kubwa, Dimmesdale, mchungaji aliyezini naye kwa siri, akaona mbingu imeandika dhambi yake. Asubuhi mhudumu wa kanisa akamwambia kwamba wao wamesoma A ya Angel, yaani malaika, kwa kuwa gavana Winthrop alifariki usiku ule. Mwanga mmoja, wasomaji wawili. Angalia pia nani amekuwa shetani katika kitabu kile. Ni Chillingworth, mume wa Hester aliyekosewa, mwenye haki ya kukasirika. Aliketi miaka saba akimchunguza mtu mmoja mbaya, Dimmesdale huyo, mpaka yeye mwenyewe akageuka kile alichokuwa anakitafuta. Mchunguzwa alipokufa, naye akanyauka, mwaka haukuisha. Ninapoyasoma maneno yako juu ya mjomba wako, mwanangu, simwogopei yeye.

Umeniuliza kwenye simu kama Moby-Dick, ile riwaya ya kumwinda nyangumi mweupe, wataifundisha. Wataifundisha tu. Nakala yangu, ile iliyovaa karatasi ya kaki, nimeiweka kwenye bahasha yako, wadudu wamekula pembe ya chini lakini maandishi ni mazima. Mwandishi wake, Herman Melville, aliitoa mwaka 1851 na kumtunukia Hawthorne huyo huyo. Usikimbilie mwisho. Soma sura ya 42, ile ya weupe. Ukiisoma polepole utaifuta sentensi yako ya nuru na giza kwa mkono wako mwenyewe, maana kinachomtia msimulizi Ishmael hofu kuliko kitu chochote kwa yule nyangumi ni weupe wake. Kisha soma sura ya 99. Nahodha Ahab amepigilia sarafu ya dhahabu kwenye mlingoti, zawadi ya atakayekuwa wa kwanza kumwona nyangumi yule. Mabaharia wanapita mmoja mmoja kuitazama. Ahab anaona mnara, volkano na jogoo, na vyote vitatu anasema ni Ahab. Starbuck, msaidizi wake wa kwanza, anaona Utatu Mtakatifu. Flask, msaidizi wa tatu, anaona dola 16, anazipigia hesabu ya sigara za senti mbili mbili, anapata 960. (Zipige mwenyewe. Ni 800. Hata aliyejidai kuona fedha tu hakuiona sawasawa.) Mwishoni anakuja Pip, yule mtoto mweusi aliyerukwa na akili baada ya kuachwa baharini, na yeye haoni kitu kingine ila watazamaji: mimi natazama, wewe unatazama, yeye anatazama, sisi tunatazama. Nilipokuwa nafundisha sikuwahi kufika sura hiyo. Haikuwa kwenye mtihani.

Ahab alikatwa mguu na mnyama. Starbuck alimwambia wazi kwamba kulipiza kisasi kwa mnyama asiye na akili, aliyepiga kwa silika tu, ni kumkufuru Mungu. Hakusikia. Alishaweka uovu wote wa dunia juu ya mgongo ule mweupe, na aliyeuona uovu wote mahali pamoja hawezi tena kurudi nyuma. Merikebu nzima ikazama, akabaki mtu mmoja, Ishmael, na huyo aliokolewa na jeneza la Queequeg, baharia mwenzake. Mkumbuke Queequeg. Mwanzoni Ishmael anaogopa chale za uso wake, anadhani amelala kitanda kimoja na ibilisi. Halafu anamtazama mara ya pili. Mimi ninaomba hiyo mara ya pili tu. Si lazima umpende mjomba wako.

Sentensi yako kwamba nyeusi ni uovu iondoe kabla hujaipeleka kwa profesa yeyote. Toni Morrison, mwandishi mweusi wa Marekani, alishaandika mwaka 1992 jinsi waandishi weupe wa Marekani walivyomtumia mtu mweusi kama kioo cha kujiangalizia, wakampa giza lao alibebe. Wewe ni mtoto mweusi unakwenda kuishi pale. Kuna watakaokutazama kwenye basi na kukusoma kabla hujafungua mdomo. Usiwapelekee kamusi yao ikiwa imetafsiriwa tayari. Najua umeitoa wapi. Daftari lako la kidato cha tatu liko kabatini, nimelifungua jana: nyeupe ni amani, nyekundu ni damu, nyeusi ni uovu, mistari mitatu imepigiwa rula. Ulinakili kutoka ubaoni, na ubaoni aliandika nani.

Lingine, kwa kuwa nimeshaanza. Yule bibi wa nyumba ya kona, aliyekuwa akiuza dagaa. Unakumbuka ulivyokatazwa kununua kwake. Nilikwambia dagaa wake wana mchanga. Hawakuwa na mchanga. Watu walikuwa wanasema ni mchawi, kwa kuwa mtoto wa fundi alikuwa amefariki, na mimi nilikuwa na cheti cha ualimu na Hawthorne kabatini. Hakuna aliyemgusa, Mungu alisaidia. Alihama kimya kimya kwenda kwa mwanawe Geita, ungo wake wa dagaa ukabaki umeegemezwa mlangoni mpaka mvua zikauoza. Nilikuwa naupita kila asubuhi nikienda kazini.

Basi unaona kwa nini nakushikilia.

Kama ukipata nafasi msome tena Huckleberry Finn wa Mark Twain, sura ya 31, mahali kijana Huck anapoandika barua ya kumrudisha utumwani Jim, mtumwa aliyetoroka naye. Kila mtu mwema aliyemlea amemfundisha kwamba kumsaidia mtumwa kutoroka ni dhambi. Anaandika, anajisikia ametakata. Kisha anaanza kumkumbuka Jim mwenyewe, jinsi alivyokuwa akishika zamu mbili usiku ili yeye Huck alale. Anaichana barua na kukubali kwenda motoni. Mafundisho yote yalikuwa upande mmoja, na upande wa pili ulikuwa na usingizi wa mtoto tu. Mjomba wako aliuza sehemu ya shamba bila kutuuliza, ni kweli na nimemwambia usoni. Ni yeye pia aliyekaa na bibi yako hospitali usiku tisa mimi nikisahihisha mitihani. Kwenye kundi hukuyaandika hayo.

Bibi yako ameuliza unakokwenda. Nikamwambia ni kule zilikotoka meli za kuleta merikani, na sikumdanganya. Wafanyabiashara wa Salem walikuwa Unguja tangu kabla ya mkataba wa biashara wa 1833 baina ya Sultani na Marekani, wakibeba sandarusi na pembe, wakiacha vitambaa ambavyo wapagazi walivifikisha mpaka bara huku. Hawthorne mwenyewe alifanya kazi forodhani Salem kuanzia 1846 hadi 1849. Ndiyo maana bibi yako mpaka leo kitambaa cheupe kisichotiwa rangi anakiita merikani. Ameniagiza nikuulize kama huko watu wanapikia kuni. Mpigie umjibu mwenyewe.

Sweta mbili nimezinunua mtumbani Mlango Mmoja, ile ya kijivu ina kifungo kimoja kimelegea, nitakishona kesho. Usibebe dagaa wabichi, watakunyang'anya. Nimekukaangia wakavu na kuwafunga mara tatu. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiweke kwenye mkoba wa mkononi, si sandukuni. Hela ya bati za jikoni nimeipunguza kidogo ili utembee na kitu, usiniulize kiasi gani na usirudishe.

Mjomba wako anasafiri kuja Dar Alhamisi na basi la usiku. Yeye ndiye atakayekuletea bahasha yenye kitabu na hizo sweta. Nimempa namba yako mpya. Atafika stendi kama saa kumi na moja alfajiri, na mguu wake bado unamsumbua, hawezi kupanda daladala na mzigo. Nenda ukampokee, na umpe chai kabla hamjasema neno lolote. Sanduku la shangazi yako lina zipu mbovu upande wa kushoto, lifunge kwa kamba.

Mama yako