Seif, usipandishe kila kitu

Chake Chake, Pemba

Sahibu yangu Seif,

Assalamu alaykum. Huku kwetu wazima, alhamdulillahi, na mama anakusalimu, anauliza lini utavuka uje. Barua yako nimeipata, na ile picha ya Mji Mkongwe uliyoipiga ndani ya simuleta, ule mchezo wetu wa kurusha ndege kwenye kompyuta, Microsoft Flight Simulator ya 2020, nimeitazama kwa utulivu. Kweli haipendezi. Mapaa yote yamemezana, Darajani haijulikani iko wapi, na barabara zimekuwa michirizi ya kijivu. Na unasema umepandisha kila mpangilio mpaka mwisho, na juu ya hayo ndege inagandaganda hata kutua huwezi.

Yakhe, viteremshe vyote kwanza, rudi kwenye kiwango cha kati. Utusitusi wa namna ile hauna chanzo kimoja. Kuna unaotokana na uchache wa pikseli, yaani nukta za picha, zinazochorwa, kuna unaotokana na kadi ya picha kulemewa, na kuna unaotokana na laini ya intaneti, na dawa ya mmoja haimfai mwenziwe. Ukipandisha vyote kwa mpigo unaichosha mashine na wala hutojua kipi kilichosaidia.

Tafuta pahala pamoja pa kupimia, usipahame. Mimi nimechagua Michenzani, kwa sababu yale majumba marefu yana mistari iliyonyooka, na jicho hukamata haraka mstari ulioharibika. Chukua Caravan, aina ile ile inayotuvusha baina ya Unguja na Pemba, ruka kutoka uwanja wa ndege wa Unguja kuelekea kaskazini, paa mpaka futi 1,500, na Michenzani itakujia mkono wa kushoto. Hapo isimamishe ndege hewani, simuleta ya 2020 inakuruhusu. Weka saa nne za asubuhi, mbingu haina wingu. Badilisha kitu kimoja, piga picha, linganisha, ndipo uende kwenye chengine.

Cha mwanzo ni kile kipimo cha uchoraji kinachoandikwa kwa asilimia. Umeniandikia kuwa chako kiko 70. Mtu akiona 70 hudhani amepoteza theluthi tu, na sivyo. Kioo chako ni pikseli 1920 kwa 1080. Zile asilimia hukatwa kwenye upana na hukatwa tena kwenye urefu, kwa hiyo kompyuta inachora 1344 kwa 756, yaani chini ya nusu ya pikseli zote, halafu inaivuta picha hiyo ndogo ijaze kioo kizima. Hapo uweke teksha, yaani picha zinazovishwa ardhi na majumba, nzuri namna gani, hazina pa kuonekana. Kirudishe 100. Mashine ikilemewa, punguza mawingu na vivuli. Hivyo ndivyo vinavyokula nguvu za kadi, na havikusaidii kuiona Darajani.

Baada ya hapo nenda kwenye kichujio cha anisotropiki, na hapa nataka unielewe vizuri, maana ndicho kilichonifurahisha kuliko vyote. Umesema ardhi iliyo chini yako inaonekana, lakini ile ya mbele inafifia. Kila picha ya ardhi kompyuta huiweka kwa saizi mbalimbali, kubwa kwa karibu na ndogo kwa mbali. Njia ya ndege ukiitazama kwa ulalo, upana wake unabanwa kidogo lakini urefu wake unabanwa mno. Kadi ikiachiwa yenyewe hufuata ule mbano mkubwa, ikachagua picha ndogo, na hapo hata mistari ambayo ingeonekana nayo ikapotea. Kichujio hiki kinaiambia kadi ichukue sampuli nyingi kwa upande ule uliobanwa, mpaka 16, ili iendelee kutumia picha kubwa. Weka 16 na usirudi nyuma, kwa sababu gharama yake kwa kadi za siku hizi ni ndogo. Jaribu kuja kutua Unguja kutoka kusini: namba 36 iliyoandikwa kwenye njia ya ndege na mistari iliyo mwanzo wake utaiona ukiwa bado mbali, na barabara za upande wa Kiembesamaki zitakuwa barabara.

Kipimo cha undani wa ardhi ndicho ulichokosana nacho, maana umekiweka 400, mwisho wake. Hicho kinaamua ardhi ya umbali gani ichorwe kwa undani, na mzigo wake mkubwa unaiangukia prosesa, ule ubongo wa kompyuta, wala si kadi. Ndiyo maana ndege yako inaganda ilhali feni ya kadi imetulia. Washa hali ya wasanidi kwenye mipangilio ya jumla, kisha fungua kihesabu fremu, kinachohesabu picha ngapi zinachorwa kila sekunde. Kitakuandikia waziwazi kama kinachochelewesha ni prosesa au ni kadi. Ikiwa ni prosesa, shusha undani wa ardhi mpaka 100, halafu panda taratibu huku unakitazama. Fremu 30 kwa sekunde zilizotulia zinatosha kabisa kwa Caravan. Mimi sioni haja ya kukimbilia 60.

Teksha ziweke juu, lakini si juu kabisa. Kadi yako ina kumbukumbu ya gigabaiti 4, na kumbukumbu hiyo ikijaa kompyuta inaanza kuhamisha teksha huku na huku, na hapo utaona ardhi inakuwa safi, inafifia, inakuwa safi tena. Na usisahau kuchomeka chaja unaporuka. Laptop hupunguza nguvu ikiwa kwenye betri, na kwa joto la Mwanakwerekwe iinue kidogo nyuma ipate hewa.

Sasa intaneti, ambayo kwetu sisi visiwani ndiyo yenye maneno. Simuleta ya 2020 haiwezi kuiweka dunia yote ndani ya diski yako. Picha za ardhi za Bing inazivuta wakati unaruka. Watengenezaji wanataja megabiti 5 kwa sekunde kuwa ndiyo kima cha chini, na 20 ndiyo wanayopendekeza. Laini ikishuka, simuleta inaendelea kuruka ila inakuletea picha duni, na wewe unakaa unalaumu kadi. Kwa hiyo tumia akiba, yaani picha za ardhi zinazowekwa kwenye diski yako. Ile inayojaa yenyewe iongezee nafasi kwenye diski, kisha kuna ile ya kuchagua mwenyewe: unafungua ramani, unaipigia alama Unguja na Pemba, unachagua ubora wa juu, unaacha ipakuliwe kwa bando la usiku. Visiwa vyetu ni vidogo, si kama kuipakua Ufaransa. Ukishamaliza, hata mtandao ukilegea jioni, Michenzani iko nyumbani kwako tayari.

Nikwambie na hili, ili usije ukahangaika bure. Pahala ambapo picha yenyewe ya asili imefifia, hakuna kitufe kitakachoisafisha. Ukifika huku kwetu utaona mashamba mengine ya mikarafuu ni kijani kitupu, mti na mti hautengani. Usiguse kitu, ndivyo picha ilivyokuja. Na hili linaniuma, kwa sababu picha bora za visiwa hivi zipo. Unazikumbuka zile droni za 2016, wakati Kamisheni ya Ardhi ilipoanza kuipiga picha Zanzibar nzima na wanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wakafundishwa kuzirusha? Undani wake ni wa sentimita chache kwa pikseli moja, na zilitolewa ili watu wazitumie. Simuleta inakubali mandhari zilizotengenezwa na watu wengine. Nimeanza kujifunza namna ya kuzikata picha hizo na kuziingiza, kwa kuanzia na uwanja wetu wa Chake na bonde lililo karibu nao. Kazi ni ndefu, na wewe una jicho zuri la rangi kuliko mimi, kwa hiyo nakuhitaji.

Kwa sasa fanya hayo, kisha nitumie picha mbili za Michenzani, ya kabla na ya baada, saa ile ile na kimo kile kile, na uniandikie kihesabu kinasema nini. Zikiwa sawa, Ijumaa baada ya saa sita za usiku, bando likiwa rahisi, wewe ruka kutoka Unguja na mimi nitaruka kutoka Chake, tukutane juu ya kisiwa cha Misali kwa futi 2,000. Njoo kwa upande wa Mkoani, uniambie kama Makoongwe na Kisiwa Panza unavitambua bila ya ramani.

Wasalimie wote nyumbani, hasa bibi.

Wasalamu,
ndugu yako Hamad