Mwanangu Minza, Hesabu Miaka ya Pikipiki Yako

Nansio, Ukerewe

Mwanangu mpendwa Minza,

Marahaba, mama. Salamu zako zimetufikia na huku Nansio sote hatujambo. Mama yako anakusalimu sana, na bibi yako anauliza kila jioni kama umeshaanza kuipanda hiyo pikipiki uliyoinunua, huko Mwanza. Dhumuni la barua hii ni hiyo pikipiki yenyewe. Picha ulizotuma nimezitazama moja baada ya nyingine. Honda CBR600F ya mwaka 2001 ni chombo kizuri, na hii yako inaelekea kutunzwa: maganda ya plastiki hayajaungwaungwa, hakuna bolti iliyolika kichwa, na dashibodi inasoma kilomita 38,000, ambazo kwa injini ya silinda 4 ya aina hiyo ni chache. Umeandika kwamba kwa kuwa kilomita ni chache, sevisi inaweza kusubiri hadi mwisho wa mwaka. Hapo sikubaliani nawe, na nimeona nikueleze kwa maandishi ili uweze kuyasoma tena ukiwa umeshika spana.

Kilomita hupima vitu vinavyosuguana: pistoni, gia, cheni, pedi za breki. Lakini pikipiki iliyovuka miaka 20 ina vitu vingi vinavyochakaa hata ikiwa imefunikwa turubai ndani ya stoo bila kusogea. Mipira ya breki na ya rejeta hukakamaa, sili hukauka, mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, petroli iliyolala kwenye tangi hugeuka utomvu, na matairi huwa magumu. Katika miaka yangu ya kutengeneza injini za boti, kwanza Mwaloni Kirumba, kule Mwanza, na sasa hapa kisiwani, injini zilizonisumbua zaidi ni zile zilizolazwa muda mrefu kisha mwenyewe akataka ziamke siku moja na kwenda Mwanza na kurudi. Kwa hiyo naomba uichukulie pikipiki yako kana kwamba haijawahi kufanyiwa sevisi hata moja. Aliyekuuzia anaweza kuwa mkweli kabisa, lakini hakukupa daftari lenye tarehe na kilomita, na bila daftari hatuna pa kuanzia isipokuwa mwanzo.

Anza na matairi. Ubavuni mwa kila tairi tafuta herufi DOT, ufuate maandishi hadi mwisho wake, utaona tarakimu 4. Zikisomeka 3214, maana yake tairi hilo lilitengenezwa katika wiki ya 32 ya mwaka 2014. Katika picha ya gurudumu la nyuma nimeona kashata, yaani meno ya tairi yanayokanyaga barabara, bado ni ndefu, na najua muuzaji alikuonyesha hizo kashata kwa fahari. Lakini nimeona pia mipasuko myembamba karibu na rimu, na hiyo ni dalili ya mpira uliozeeka. Mpira wa namna hiyo haushiki lami iliyolowa, na wewe utateremka kutoka Bugando mvua ikiwa imeanza tu kunyesha, vumbi na oili vikielea juu ya barabara. Tairi likivuka miaka 10 liondoe hata kama linang'aa, na mimi binafsi hata la miaka 6 nalikagua kwa mashaka. Vipimo vyako ni 120/70-17 mbele na 180/55-17 nyuma, na upepo ni psi 36 mbele na 42 nyuma, ukipimwa asubuhi tairi likiwa baridi. Usikubali mtu wa kujaza upepo akupimie kwa kukanyaga tairi kwa mguu. Nunua geji yako mwenyewe.

Sasa breki, ambazo naomba uzipe siku nzima. Mafuta ya breki yanayotakiwa ni DOT 4, na tabia yake ni kuvuta unyevu kupitia kwenye mipira na kwenye kifuniko, kidogokidogo, mwaka hadi mwaka. Yakiwa mapya hayachemki kabla ya kufika nyuzi joto 230. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi karibu nyuzi 155. Ukibana breki mfululizo kwenye mteremko, kalipa, kile chuma kinachobana pedi, hupata joto, yale maji yaliyomo hugeuka mvuke, na mvuke hubonyea, kwa hiyo mkono wa breki unaingia hadi kwenye usukani bila pikipiki kupunguza mwendo. Ndiyo sababu mafuta haya hubadilishwa kila baada ya miaka 2, uwe umetembea au hukutembea. Tazama kile kikopo kilicho kwenye usukani: mafuta mapya yana rangi ya manjano iliyofifia, na yale niliyoyaona kwenye picha yako ni ya kahawia iliyokolea.

Kazi yenyewe utaiweza. Funika tangi na maganda kwa kitambaa kilicholowa maji, kwa sababu tone moja la mafuta hayo linakula rangi. Fungua kikopo, nyonya mafuta machafu kwa sirinji, ujaze mapya kutoka kwenye chupa ambayo haijawahi kufunguliwa. Kisha chomeka mpira mwembamba unaopitisha mwanga kwenye nipeli ya kalipa, ile skrubu ndogo ya kutolea mafuta, upande wa pili uuzamishe kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Bana mkono wa breki, legeza nipeli, utaona mafuta meusi yakipita ndani ya mpira pamoja na viputo vya upepo. Kaza nipeli kwanza, ndipo uachie mkono wa breki. Rudia hivyo, ukiongeza mafuta kikoponi kabla hayajashuka hadi chini, maana yakikauka utaingiza upepo na kuanza upya. Endelea hadi yanayotoka yawe na rangi ileile ya yaliyo kwenye chupa mpya na mkono wa breki uwe mgumu. Mbele kuna kalipa 2, kila moja ifanye peke yake, halafu ya nyuma. Wakati huohuo toa pedi, usafishe vichwa vya pistoni za kalipa kabla ya kuvisukuma ndani, kwa sababu ukisukuma uchafu ndani, sili inakatika na pistoni inakwama. Na kama mipira ya breki ni ileile ya mwaka 2001, agiza mipya. Hilo sitalijadili nawe.

Kuhusu oili ya injini, nina neno moja zito. Katika pikipiki hii klachi inazama ndani ya oili ileile inayolainisha injini na gia. Oili nyingi za magari ya kisasa zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari litumie mafuta kidogo, na dawa hiyo ikifika kwenye sahani za klachi, klachi inateleza: injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki. Wajapani waliweka kipimo chao cha oili za pikipiki mwaka 1998, na alama yake ni JASO MA au MA2. Itafute nyuma ya kopo kabla hujatoa hela. Uzito uwe 10W-40. Fundi wa bodaboda atakwambia oili yoyote ni oili, naye si mwongo kwa ile anayoitengeneza kila siku, lakini yako inazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika ukiikimbiza, na siyo kazi moja. Badilisha sasa hivi pamoja na filta yake, oili ikiwa ya vuguvugu ili itoke na uchafu wote. Washa ya bolti ya kumwagia iwe mpya, na bolti yenyewe ikazwe kwa spana ya kupimia mkazo, kwa maana sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ni ya aluminiamu na nyuzi zake zikichanika utalia. Baada ya hapo badilisha mara moja kwa mwaka hata kama kilomita hazijatimia.

Oili uliyoitoa uitie kwenye dumu na uipeleke gereji inakokusanywa. Ukiimwaga mtaroni inaingia mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani, kwenye maji tunayovua dagaa na sangara. Kwa sababu hiyohiyo usiende kuoshea pikipiki ufukweni kama wanavyofanya vijana wengi. Ioshee nyumbani kwa ndoo na sabuni laini, wala usikubali mashine ya maji ya presha ielekezwe kwenye beringi za magurudumu au kwenye cheni.

Cheni yako ni namba 525, wakati ya bodaboda ni 428, kwa hiyo duka la karibu halitakusaidia. Utaagiza Dar es Salaam. Ndani ya kila kiungo kuna vipete vidogo vya mpira vinavyozuia grisi ya kiwandani isitoke, na vipete hivyo vikikatika cheni imekwisha hata kama kwa nje inang'aa. Isafishe kwa mafuta ya taa na brashi laini. Usitumie petroli wala brashi ya waya. Ifute ikauke, kisha uipake mafuta ya cheni upande wa ndani mara tu unaporudi safarini, ingali na joto. Fanya hivyo kila baada ya kilomita 800 au 1,000, na mapema zaidi ukipita barabara za vumbi. Ulegevu wa cheni umeandikwa kwenye stika iliyobandikwa kwenye mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Upime mahali kadhaa huku ukizungusha gurudumu, kwa sababu cheni iliyochakaa hulegea sehemu moja na kukaza sehemu nyingine. Kisha jaribu kuivuta kwa nyuma ya sproketi kubwa. Ikiachana na meno hadi ukaona mwanga, nunua cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja. Mafundi wengi hupenda cheni iliyokaza sana. Wewe ikatae: ukikaa juu ya pikipiki cheni huzidi kukaza, na ikikosa nafasi inaua beringi ya gia.

Rejeta inahitaji jicho lako kwa sababu ya mahali tunapoishi. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa juu ya maji kama moshi huvumishwa na upepo hadi barabarani, na ukipita katikati yao, kwenye daraja la Kigongo–Busisi au kwenye barabara ya Magu, wanajaa kwenye mapezi ya rejeta na kukaukia humo. Hewa haipiti tena, na utajua hilo utakapokwama kwenye foleni ya Mabatini saa nane mchana, kipimo cha joto kwenye dashibodi kikipanda. Walowanishe kwa maji, uwasukume kwa maji ya mpira yasiyo na nguvu kutoka upande wa nyuma wa rejeta. Mapezi hayo yanapinda kwa kidole. Ndani tia kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa na maji ya betri yasiyo na asidi, nusu kwa nusu, na uibadilishe kila miaka 2. Maji ya bomba huacha magadi ndani. Kifuniko cha rejeta usikiguse injini ikiwa ya moto.

Mengine ni mafupi. Filta ya hewa ibadilishe, usipulize ile ya zamani. Plagi ziwe za namba iliyoandikwa kwenye kitabu. Kebo ya klachi iwe na ulegevu wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono wake. Pitisha kitambaa kwenye nguzo za shokapu za mbele. Kikitoka na oili, sili zimekwisha, na oili hiyo itafika kwenye pedi ulizozifanyia kazi. Betri iliyopumzika isome karibu volti 12.6, na injini ikizunguka 5,000 isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikisoma chini ya hapo au juu ya 15, kagua kwanza viungio vya nyaya zinazotoka kwenye rekitifaya, kifaa kinachorekebisha umeme wa kuchaji betri, kwa kuwa katika pikipiki za umri huu viungio hivyo huungua na kuwa kahawia kabla ya kitu kingine kuharibika.

Nunua daftari la jalada gumu. Kila ulichokigusa andika tarehe, kilomita, na aina ya kifaa ulichofunga, na risiti uzibandike humo.

Vali tu ndizo naomba uziache. Ukaguzi wake hufika takribani kila kilomita 25,000, na kwa hesabu ya dashibodi umeshapita. Zinapimwa injini ikiwa baridi kabisa, iliyolala usiku kucha, na marekebisho yake yanahitaji kutoa shafti za juu na kubadilisha visahani vya unene tofauti. Ukikosea alama ya taimingi, pistoni inagonga vali. Nitavuka kwa meli mwezi ujao nikiwa na fila geji yangu, vile vibao vyembamba vya kupimia nafasi ya vali, nasi tutaifungua pamoja hapo kwako. Kabla ya hapo agiza gasketi ya kifuniko cha vali, na mtu yeyote asikifungue.

Nijibu ukishasoma zile tarakimu 4 za matairi.

Ni mimi baba yako