Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kwa Nini Tulipima Damu Kabla ya Kununua Turubai

Ndugu wajumbe wa kamati, wazee wetu, ndugu wanachama wote wa chama chetu cha sisi tunaoishi na presha na sukari: Assalamu alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe.

Namshukuru Mungu kutukutanisha tena tukiwa wazima. Wenzetu wanne wametangulia mbele za haki tangu mkutano mkuu uliopita. Familia zao zote zilipata rambirambi ya chama kabla ya arobaini, na kwa hilo nampongeza mweka hazina.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Kamati ilikaa vikao 11. Tuliwajulia hali wagonjwa 14. Wanachama wapya 9 wamejiunga, sasa tuko 112. Mazoezi ya Jumamosi asubuhi pale Temeke yalikwenda vizuri hadi masika, kisha yakalegea. Semina ya chumvi na mafuta ya kupikia ilifanyika Juni.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limesemwa sana pembeni, kwenye daladala na kwenye kundi letu la WhatsApp, lakini halijawahi kuletwa mbele yangu kwa maandishi hata mara moja. Ni zile shilingi 4,300,000 zilizotoka kwenye akiba ya turubai na viti kwenda kupima damu za wanachama, kuona nani moyo wake umeanza kuzidiwa. Imesemwa mwenyekiti kaamua peke yake. Si kweli, na nitaeleza kwa mpangilio.

Katiba yetu inataka matumizi yanayozidi shilingi 1,000,000 yapitishwe na mkutano wa wanachama, na akidi ni nusu ya wanachama. Niliitisha mkutano wa kwanza Machi. Walikuja 31. Nikaitisha wa pili baada ya wiki mbili, nikapiga simu kwa vocha yangu, nikapita mwenyewe Tandika na Mbagala Rangi Tatu kuwakumbusha watu nyumba kwa nyumba. Walikuja 27. Katiba hiyohiyo inasema akidi ikikosekana mara mbili, kamati inaweza kuamua jambo linalohusu afya za wanachama na kutoa taarifa mkutano unaofuata. Ndicho tulichofanya, na taarifa yenyewe ndiyo hii. Nimepitia daftari la mahudhurio. Wengi wanaolalamika leo majina yao hayamo katika mkutano wowote kati ya hiyo miwili.

Kwa nini tulipima? Wawili kati ya tuliowazika mwaka juzi walikuwa hawakosi kliniki. Presha zao zimeandikwa kwenye kadi kila mwezi, dawa wanameza. Mmoja alianza kuhema akipanda ngazi, akasema ni uzee. Mwingine miguu ilivimba, akanunua viatu vikubwa zaidi. Walipofikishwa hospitali moyo ulikuwa umeshachoka. Mimi ndiye niliyesimama makaburini kusoma wasifu wa wote wawili, na tangu siku ile swali halikuniacha: sisi wagonjwa wa nje, tunaopimwa presha na kurudi nyumbani, nani anatuambia moyo umeanza kuzidiwa kabla haujatuangusha?

Daktari aliyekuja kwenye semina alitujibu, na narudia kwa faida ya ambao hawakuwepo. Kuta za moyo zikivutwa kwa kubeba mzigo mkubwa, misuli yake hutoa protini ambayo hukatika vipande viwili. Kimoja ni homoni iitwayo BNP, inayolegeza mishipa na kuzifanya figo zitoe chumvi na maji. Cha pili, NT-proBNP, hakina kazi inayojulikana, ila hukaa kwenye damu muda mrefu zaidi, kwa hiyo maabara nyingi hupima hicho. Kwa mgonjwa wa nje asiye katika dharura, NT-proBNP ikiwa chini ya pikogramu 125 kwa mililita, si rahisi kuwa moyo wake umeshindwa. Ikizidi hapo, haina maana kwamba tayari anao ugonjwa. Maana yake aangaliwe kwa eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti.

Na jambo hili limejaribiwa. Ireland walichukua watu 1,374 wenye hali kama zetu, presha, sukari, mafuta kwenye damu, wakawagawa kwa kura. Kundi moja liliendelea na matibabu ya kawaida. La pili lilipimwa BNP, na aliyefika pikogramu 50 kwa mililita au zaidi alifanyiwa eko na kufuatiliwa na madaktari wa moyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Baada ya miaka minne na kidogo, waliopata udhaifu wa chemba ya kushoto ya moyo, wenye dalili na wasio na dalili, walikuwa asilimia 8.7 katika kundi la kwanza na asilimia 5.3 katika lile lililopimwa. Na anayedhani haya ni ya Wazungu akumbuke utafiti uliofanyika hapa hapa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014: wagonjwa 427 wa moyo kushindwa, wastani wa umri miaka 55, na chanzo kikubwa kuliko vyote kilikuwa presha, asilimia 45. Miaka 55, ndugu zangu. Mtu bado anasomesha.

Mzee mmoja aliuliza kwa nini tusiwapeleke wote kwenye eko moja kwa moja. Swali zuri. Eko inahitaji mtaalamu, mashine na muda kwa kila mtu, na fedha yetu isingefika nusu ya waliojiandikisha. Damu huchukuliwa kwa dakika chache na kutuonyesha nani aanze kupelekwa. Bei ya maabara niliifuatilia mimi mwenyewe. Niliandika barua tatu na kwenda Kariakoo mara nne kwa nauli yangu, hadi wakakubali shilingi 70,000 kwa mtu. Troponini, kipimo kingine cha damu kinachohusu moyo, tuliiacha kwa sababu ya bajeti.

Kuna uvumi pia kwamba kipimo hiki kina nguruwe. Ukweli ni kwamba homoni ya BNP iligunduliwa Japani mwaka 1988 katika ubongo wa nguruwe, na herufi B inatokana na neno la Kiingereza "brain", yaani ubongo. Baadaye ikafahamika kuwa kwa binadamu chanzo chake kikubwa ni moyo. Kinachopimwa ni cha kwako, kwenye damu yako. Hakuna kitu kinachoingizwa mwilini. Naomba anayesambaza maneno haya aache, kwa sababu yapo majina 6 yaliyofutwa kwenye orodha siku ya kupima kwa uvumi huo tu, na mmoja wao alikuwa anahema hata akiongea.

Waliopimwa ni 58. Chini ya 125 walikuwa 39, juu ya hapo 19. Kati ya hao 19, 16 wamekwenda eko kwa rufaa, wengine hospitali za wilaya, wengine Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Upanga. Saba wamekutwa na tatizo: wanne ukuta wa moyo umenenepa kwa presha, watatu moyo unasukuma chini ya kiwango. Hakuna hata mmoja wa hao saba aliyekuwa anajua. Wote wamebadilishiwa au kuongezewa dawa. Nimesikia ikisemwa "saba tu". Mimi neno hilo "tu" silikubali.

Yapo mawili yaliyoleta manung'uniko ya haki. Dada yetu mmoja alipata 88, akafurahi, na miezi mitatu baadaye miguu ikavimba na eko ikaonyesha moyo wake una shida. Ni kweli, na inaniuma. Lakini daktari alisema mbele ya watu kwamba mwili mnene hushusha kiwango hiki, na kwamba anayevimba au kuhema asiridhike na namba nzuri. Nililisoma onyo hilo kwa sauti siku ya majibu. Ndugu mwingine alipata zaidi ya 900, hakulala wiki nzima, kumbe sehemu kubwa ya namba ile ilitokana na figo zake zisizochuja vizuri. Umri mkubwa nao huipandisha, na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio pia. Katika hili nakiri kamati ilipaswa kumpangia kila mmoja mtu wa kumfafanulia majibu faraghani, badala ya kugawa bahasha.

Fedha. Tulianza na akiba ya 7,350,000, ada zikaingia 3,905,000, fomu za wanachama wapya 90,000, jumla 11,345,000. Zilizotoka: rambirambi 1,200,000, kujulia hali wagonjwa 420,000, ukumbi na chai 680,000, vipimo pamoja na usafiri 4,300,000, uchapishaji na mawasiliano 185,000, jumla 6,785,000. Tumebakiwa na 4,560,000. Ada iliyotakiwa kukusanywa, shilingi 5,000 kwa mwezi kwa kila mwanachama, ni 6,720,000. Tunadaiana 2,815,000. Fedha hiyo ingeingia, turubai lingekuwa limeshanunuliwa na vipimo vile vile vingefanyika. Wengine wana deni la mwaka mzima na bado walipimwa, kwa sababu nilikataa mtu aachwe nje kwa deni. Sitaomba radhi kwa uamuzi huo.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kuwarudia waliopimwa, kuwafikia ambao hawakupimwa, kutafuta mfadhili, na turubai nalo tuone hali ya mfuko. Wale watatu ambao hawajakwenda eko nawajua, nao wananijua. Barua zao za rufaa ninazo hapa mezani, wazichukue leo kabla ya kuondoka.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti
Dar es Salaam